Kamani Katika Joto la Zuhura

Pendekezo la NASA la gari liitwalo AREE, lililoanza kufadhiliwa mwaka 2016, linavutia. Kwenye sayari ya Zuhura, penye joto la nyuzi 460 hivi za Selsiasi, upepo ungezungusha mtambo na nguvu ikahifadhiwe ndani ya kamani, kama saa ya kutia ufunguo. Chombo cha Kisovieti, Venera 13, kilidumu huko dakika 127 tu mwaka 1982. Kwa hiyo hoja ina uzito.

Wanaolisifu husema ufundi wa kale ni rahisi. Sikubali. Watoke hapa Naguru waende Katwe, wawaulize wahunzi: kamani ya kawaida ikipashwa moto mkali hulegea. Tatizo halijaondoka, limehama kutoka elektroniki likaingia kwenye metali. Pendekezo hili lipimwe hapo kwanza.