Katiba imebadilika, ndimi zetu bado zapiga magoti

Juzi barazani hapa Birongo, Kisii, mzee mmoja alivua kofia, akasema: "Mheshimiwa, tunaomba serikali itukumbuke na barabara." Nilisikitika. Si kodi ni yake? Katiba ya 2010, Kifungu cha 73, yasema afisa wa serikali amepewa jukumu la kuhudumia watu, si mamlaka ya kuwatawala. Ila lugha yetu ingali ya enzi za "Mtukufu Rais". Hebu tazama "mheshimiwa": ni kauli ya kutendwa. Anayeheshimu ni nani? Ni sisi wananchi! Basi heshima hiyo tunaitoa, na tunaweza kuizuia. Anayeomba haki yake hushukuru hata anaponyimwa. Mzee wangu, siku nyingine usiombe, dai. Na kofia yako uivae.