Kitabu chenye kuongea: kinatufikisha wapi?

Siku hizi vitabu vya elektroniki vyenye sauti na video vinasifiwa kila upande. Mimi pia navipenda. Lakini tuviangalie vile tunaangalia mbegu mpya: itaota kwa udongo wetu?

Tuchukue Our Choice, kitabu cha Al Gore juu ya mazingira, kilichotoka 2011 kwa iPad na iPhone. Msomaji anapuliza kwenye maikro, na panga za kinu cha upepo zinazunguka. Inafurahisha, kweli. Lakini ukishapuliza, umejifunza nini? Kwamba upepo unazungusha panga. Hiyo hata mtoto anayecheza pembeni ya ziwa hapa Kalemie anaijua. Mwezi wa 8 mwaka ule ule Facebook ikanunua Push Pop Press, kampuni iliyokitengeneza, na kampuni ikasema haina mpango wa kutoa vitabu vingine. Silabusi yetu ya fotokopi, hata panya akiila pembeni, bado inasomeka.

Faida ya kweli naiona kwenye muhogo. Mosaiki inapita kwa vipande vya shina tunavyopanda na kwa inzi weupe wanaokaa chini ya majani. Unaweza kuandika kurasa tatu, na mulimaji bado hajui shina gani la kutupa. Video ya dakika moja inamaliza maneno: jani linageuzwa, unaona madoa ya njano, unaona vile limekunjamana. Access Agriculture wanatoa video za walimaji, nyingine kwa Kiswahili, na unaweza kuzishusha katika 3GP, ambayo ni nyepesi, ao kuchukua sauti peke yake. (Aliyefikiria hiyo ya sauti peke yake, anajua bei ya mega!)

Ila video ni mbaya kwa kutafuta kitu. Uko shambani, unataka nafasi kati ya mashina, mita 1 kwa mita 1, na chaji inaisha. Kwenye ukurasa unaipata palepale. Kwenye video unasogeza mbele, unarudisha nyuma, simu inazimika.

Kwa hiyo wenzetu wanaotaka kutengeneza kitabu kama hiki kwa walimaji wa Nyunzu ao Moba, waanze na maandishi yanayoweza kuchapwa, vipimo vyote vikae humo. Waongeze video fupi tatu ao nne, kwa mambo yanayohitaji jicho tu, katika Kiswahili cha kwetu. Faili ipite simu kwa simu kwa Bluetooth. Kinu cha kupuliza kisubiri kwanza.