Daftari si Darasa: Uhakiki wa Matumizi ya Kumbukumbu Zilizopo katika Tathmini ya Ufundishaji wa Kiswahili, Jinja na Mbale

Kumbukumbu zilizopo humvutia mtathmini wa programu: hazihitaji gharama ya usaili, hurudi nyuma miaka mingi, na hazibadiliki kwa kuwa mtathmini amefika. Hata hivyo, kila kumbukumbu iliandikwa kwa lengo lake, nalo aghalabu si lengo la tathmini. Ufundishaji wa Kiswahili katika Jinja na Mbale unalidhihirisha hilo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda ulianza kutekelezwa mwaka 2020, ukakifanya Kiswahili somo la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili. Anayelinganisha takwimu za kabla na baada ya mwaka huo hukabiliwa na vikwazo viwili. Kwanza, shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Pili, tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipata hadhi ya jiji, zikatenganishwa kiutawala na wilaya zenye majina hayohayo. Idadi ya wanafunzi wa wilaya ikishuka, huenda uliohama ni mpaka, si wanafunzi.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika maana ya takwimu zenyewe. Somo likiwa la lazima, idadi ya wanaolisoma huandikwa sawa na idadi ya walioandikishwa, hata pasipo mwalimu. Kwa upande mwingine, matokeo ya mtihani wa kwanza wa mtaala huo, uliofanyika 2024, yanawahusu tu waliolichagua somo baada ya Kidato cha Pili. Kumbukumbu ya kwanza huzidisha; ya pili hupunguza.

Uganda ina funzo lake. Reinikka na Svensson walipolinganisha kumbukumbu za serikali kuu na za shule za msingi za miaka ya 1991–1995, walibaini kuwa wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi yasiyo ya mishahara ndiyo iliyozifikia shule. Vitabu vya serikali kuu pekee visingelifichua hilo.

Kwa hiyo, kumbukumbu zisitupwe, bali zihojiane: uandikishaji usomwe sambamba na orodha ya mishahara ya walimu, ratiba na madaftari ya wanafunzi. Vinginevyo, mwanafunzi wa Mbale asiyewahi kufundishwa Kiswahili atahesabiwa miongoni mwa mafanikio yake, na hakuna atakayeona haja ya kumpelekea mwalimu.