Taa ya Upepo na Baridi Iliyosingiziwa

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, katika kipupwe kile ambacho ukungu huteremka kutoka Nyandarua ukaufunika mji wa Nyeri hata madereva wakalazimika kuwasha taa saa mbili za asubuhi, sahibu yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alishika njia ya Nanyuki kwa gari lake dogo lililotoka Japani. Na kabla hajafika Kiganjo ikamwakia kwenye dashibodi taa ya manjano, yenye umbo la chungu kilicho wazi juu, na ndani yake alama ya mshangao, ndiyo taa ya kuonya kwamba upepo wa tairi umepungua. Wa kwanza aliyemwuliza alimwambia ni baridi tu. Wa pili akakariri yayo hayo. Wa tatu, dereva wa matatu wa miaka mingi, akamwonyesha kitufe cha SET kilicho chini ya usukani. Mwalimu akakibonyeza, taa ikazimika, naye akaendelea na safari yake moyo umetulia. Siku ya nne taa ikarudi.

Nimeona yafaa kulichambua shauri hili kwa wasaa, kwa sababu jibu alilopewa mwalimu ndilo linalotolewa katika miji yote iliyouzunguka Mlima Kenya na Nyandarua, kuanzia Karatina hata Nyahururu, na ubaya wake ni kwamba lina ukweli wa kutosha kumridhisha mtu na upungufu wa kutosha kumwangamiza.

Ukweli wake ni huu. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hupungua nguvu kadiri inavyopoa, kaida ambayo Mfaransa Guillaume Amontons aliibainisha mwanzoni mwa karne ya 18. Na kwa tairi ya kawaida ya gari dogo, kila joto linaposhuka digrii 10 za Selsiasi, upepo hupungua takriban pauni moja na nusu kwa inchi ya mraba. Sasa mtu apande kutoka Nairobi alasiri, tairi zimepata moto kwa mwendo hata hewa iliyomo imefika digrii 45, asimame kwenye stesheni ya petroli mjini Nyeri aongezewe upepo hadi geji isome 33, kisha alale. Alfajiri, joto likiwa digrii 10, tairi zile zile zisizovuja hata chembe zitasoma 28. Pauni tano zimetoweka na hakuna aliyeziiba.

Watu wengine huusingizia mlima wenyewe, na hapa pana jambo linalonistaajabisha kila nilitazamapo upya. Nyeri imeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na uzito wa hewa ya nje, ambao Mombasa ni karibu pauni 15 kwa inchi ya mraba, huku kwetu ni karibu 12. Basi tairi iliyojazwa pwani ingeonekana imezidi pauni tatu ikifika juu, lau si kwamba baridi ya juu huzichukua pauni hizo hizo. Tairi iliyojazwa 33 Mombasa katika digrii 30, ikipimwa Nyeri katika digrii 12, itasoma 33 vile vile. Kimo hutoa, baridi hutwaa, na geji haioni kitu.

Lakini je, baridi ingeweza kuiwasha taa ya mwalimu? Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi wote, maana taa hizi ni za namna mbili, na asiyejua gari lake ni la namna ipi hana haki ya kutoa hukumu.

Namna ya kwanza haipimi upepo kabisa. Hutumia vihisi vile vile vya breki vinavyohesabu mizunguko ya kila gurudumu. Na kwa kuwa tairi iliyopungukiwa upepo hulalia na kimo chake kikafupika, gurudumu lake hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili liende nao sawa, na tafauti hiyo ndiyo inayoiwasha taa. Zingatia basi: mfumo wa asili wa namna hii hulinganisha gurudumu na gurudumu, ilhali baridi ya Nyeri haichagui, huzipunguza tairi zote nne kwa pamoja. Zikipungua sawasawa, hakuna la kulinganisha, na taa haiwaki. Gari la mwalimu lilikuwa la namna hii. Kwa hiyo kule kuwaka kwa taa kulikuwa ithibati kwamba tairi moja imewaacha wenzake, na baridi ilikuwa imesingiziwa. Na kile kitufe hakikutibu chochote. Kazi yake ni kuliambia gari kwamba hali iliyopo sasa ndiyo sahihi. Alipokibonyeza kabla ya kujaza upepo, mwalimu alilifundisha gari lake kuuhesabu ugonjwa kuwa ndio uzima, nalo likanyamaza mpaka ugonjwa ulipozidi.

Namna ya pili ina kihisi ndani ya kila gurudumu, kwenye valvu, kinachopima upepo na kutuma habari kwa redio. Hii ndiyo iliyoenea baada ya tairi za Firestone milioni 6.5 kurudishwa viwandani huko Marekani mwaka 2000, vifo vingi vikiwa vimetokea. Sheria ikapitishwa, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya la huko sharti limwonye dereva upepo unapopungua robo chini ya kipimo cha kiwanda. Kwa namna hii baridi yaweza kweli kuiwasha taa. Aidha, baadhi ya vihisi hivi huhesabu kana kwamba gari liko pwani siku zote, ndiyo maana huku kwetu dashibodi husoma 30 ilhali geji ya mkono inasoma 33. Taa ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi kabla ya kutulia, kosa si la upepo bali la kihisi, aghalabu betri yake, ambayo huishi miaka mitano hadi kumi. Na kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika ya umri usiozidi miaka minane, mengi hufika betri hizo zikiwa ukingoni.

Fundi wa tairi aliyelimaliza shauri la mwalimu ana kibanda chake kando ya barabara ya kwenda Mweiga. Hakuigusa taa. "Mwalimu," alimwambia, "gari lilale hapa, kesho tutapima kabla jua halijatoka." Alfajiri geji ikasoma 28, 28, 29, na gurudumu la nyuma kushoto 19. Akazungusha tairi ile huku akiimwagia maji ya sabuni, povu likachemka kidogo kidogo kwenye kashata ya tairi, na ndani yake ikaonekana skrubu fupi, kichwa chake kimesagika. Akaivua tairi kwenye rimu, akaikagua ubavu kwa ndani kama haikuchakaa kwa kukimbizwa bila upepo, akaibandika kiraka kwa ndani. Kisha akajaza zote nne, na ile ya akiba, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, 33, zikiwa baridi. Mwisho kabisa ndipo alipomwambia mwalimu abonyeze SET. Taa ikapepesa mara tatu, ikazimika.

Tangu siku hiyo gari lile limeteremka Sagana na kupanda Nyahururu katika baridi ile ile, na taa haijawaka tena.