Nani Alikuwepo Siku ya Mazoezi?

Darasani tumezoea kuihakiki tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda kwa kutafuta dhamira, wahusika, mtindo na mandhari. Ni kazi muhimu, nami nimeifanya. Lakini kuna swali ambalo sijawahi kulikuta kwenye mtihani: nani alikuwepo siku ya mazoezi? Hoja yangu ni kwamba bila kulijibu swali hilo hatuwezi kuuita mchezo wowote mchezo wa jamii.

Swali lenyewe lilinijia baada ya kuaibika. Nilikuwa mtayarishaji wa mchezo wa wanafunzi tuliouonyesha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Mhusika mkuu alikuwa mjane muuza ndagala. Mswada tuliuandika chuoni, mazoezi tukayafanya chuoni, kisha tukaupeleka mtaani ukiwa umeshakamilika. Mjane wetu alipotamka "la hasha", kina mama walicheka mahali ambapo hatukukusudia kichekesho. Baadaye mmoja wao, muuza ndagala wa kweli, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo mama yenu anaongea kama taarifa ya habari." Lililoniuma zaidi ni hili: kijana anayetembea kwa magongo alipangiwa kuimba wimbo wa mwisho, na jukwaa letu lilikuwa na ngazi. Aliimbia chini, wenzake wakiwa juu, nami nikashika kipaza sauti kuwashukuru wote kwa mchezo "usiombagua mtu".

Nilirudi kwenye historia ya Nitaolewa Nikipenda nikiisoma kwa jicho la mtayarishaji. Tamthilia hiyo ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa Kikuyu Ngaahika Ndeenda, ilionyeshwa Kamiriithu, Limuru, kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977. Wanakijiji waliusikia mswada ukiwa bado rasimu, wakasahihisha lugha, nyimbo na historia yao wenyewe. Mazoezi yalifanyika hadharani, zaidi Jumamosi na Jumapili mchana, kwa kufuata ratiba ya kazi zao. Ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000 waliujenga kwa mikono yao. Mwezi Novemba serikali ilifuta kibali. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kama kosa lingekuwa maneno ya kitabu peke yake, kwa nini kuvunja viti na jukwaa?

Mwenzangu aliyeandika mswada wetu hakubaliani nami. Anasema sanaa haipigiwi kura. Ana haki ya kuhofia mswada kuchanwachanwa na kila mpita njia. Lakini Kamiriithu hapakuwa na kura. Waandishi walibaki waandishi, na Kimani Gecau alibaki mwongozaji. Walichofanya ni kuwasikiliza wanaoyajua maisha yanayosimuliwa.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka hapa hapa Burundi. Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri uliotayarishwa na Studio Ijambo kuanzia 1997, wakati wa vita, ulisimulia familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Hadhira yake haikukaa kwenye mazoezi, lakini wengi walijiona ndani yake. Nakiri kwamba mwandishi mmoja anaweza kuijumuisha jamii, hasa akiandika kwa Kirundi, lugha ambayo msikilizaji anaitumia nyumbani. Hata hivyo, redio haikatizwi na msikilizaji aliye nyumbani. Sisi wa jukwaani tunaweza kukatizwa na kusahihishwa kabla ya siku ya maonyesho, kwa hiyo hatuna udhuru.

Mswada wetu ujao utasomwa kwanza sokoni, saa ambayo wauzaji wenyewe wataichagua, na tutachezea chini, uwanjani. Kijana wa magongo nimemwomba aimbe tena. Amejibu kwamba atafikiria, ila safari hii anataka kuuona mswada kwanza.