Nyota Sifuri: Jinsi Magari Mapya ya Bei Nafuu Yalivyogongeshwa

Mnunuzi akiingia shorumu ya magari mapya, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Johannesburg, jambo la kwanza kuulizwa ni bajeti yake. Akishaitaja, anapelekwa kwenye gari la mfuko wake. Ni nadra yeye kuuliza toleo lile lilitengenezwa kwa soko la nchi gani. Hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu magari mawili yenye jina moja, rangi moja na umbo moja yanaweza kutofautiana katika kile kitakachoamua kama dereva atatoka hai siku ya ajali.

Aliyelionyesha hili kwa ushahidi ni Global NCAP, taasisi yenye makao London inayonunua magari na kuyagongesha. Kwa muda mrefu kipimo chake kikuu kilikuwa hiki: gari linavutwa hadi mwendo wa kilomita 64 kwa saa, kisha linagonga kizuizi chenye uso wa alumini iliyofumwa kwa matundu. Haligongi kwa uso mzima. Ni asilimia 40 tu ya upana wake, upande wa dereva, inayopokea pigo. Sababu yake anaielewa kila aliyewahi kuona gari likijaribu kulipita lori barabara ya Chalinze hadi Segera: magari mawili yanapokutana, kila dereva hujitahidi kukwepa, kwa hiyo yanagongana kwa nusu ya uso. Hapo nguvu yote inabebwa na upande mmoja wa bodi. Alumini nayo hubonyea, kama ambavyo gari la upande wa pili lingebonyea.

Ndani wanakaa wanasesere wenye vihisi kichwani, shingoni, kifuani na mapajani. Baada ya pigo, wataalamu husoma namba za vihisi hivyo, halafu hukagua bodi: nguzo ya mlango wa mbele imepinda? Mhimili wa usukani umerudi nyuma kiasi gani? Sakafu ya miguuni imepasuka? Mwisho hutoa hukumu kwamba bodi ni imara au si imara. Mnunuzi wa kawaida huishia kwenye idadi ya nyota, ilhali neno hilo moja kuhusu bodi lina uzito kuliko nyota zote.

Januari 2014 matokeo ya magari matano madogo yaliyouzwa India yalitangazwa: Suzuki Maruti Alto 800, Tata Nano, Ford Figo, Hyundai i10 na Volkswagen Polo. Yote, katika toleo la bei ya chini lisilo na mfuko wa hewa hata mmoja, yalipata nyota sifuri. Lakini sifuri zile hazikulingana. Bodi za Polo na Figo zilihimili pigo. Kilichokosekana ni kitu cha kukinga kichwa na kifua. Bodi za yale mengine matatu zilishindwa kiasi kwamba mifuko ya hewa peke yake isingesaidia sana, kwa kuwa chumba chenyewe cha abiria kilikuwa kinaporomoka. Polo ilipopimwa tena ikiwa na mifuko miwili ilipata nyota nne, na Volkswagen ikaliondoa sokoni India toleo lisilo na mifuko.

Kwa hiyo ulinzi una tabaka mbili, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Bodi hukilinda chumba kisibomoke; mfuko wa hewa na mkanda humlinda mtu aliyemo ndani ya chumba hicho. Mfuko unaofunguka ndani ya chumba kinachobomoka hukuta usukani umeshahama mahali pake.

Afrika ilifikiwa Novemba 2017, kwa ushirikiano na chama cha magari cha Afrika Kusini. Katika duru ya kwanza Toyota Etios ilipata nyota 4, Volkswagen Polo Vivo na Renault Sandero zikapata 3 kila moja, Datsun Go+ ikapata 1, na Chery QQ3 ikaambulia sifuri. Polo Vivo inatuhusu moja kwa moja, maana tangu Desemba 2016 ilikuwa ikiunganishwa Thika, Kenya. Mwaka 2018 ikaja zamu ya Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyopendwa na wakulima, wakandarasi na idara za serikali. Ilikuwa na mifuko ya hewa mbele, na bado ilipata sifuri. Bodi yake haikuwa imara. Ilikuwa pikapu ya kizazi kilichoanza 1997, ikiuzwa kama gari jipya zaidi ya miaka 20 baadaye.

Kilichofuata Novemba 2020 ndicho kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi wa Afrika akione. Wataalamu walichukua Hardbody mpya ya mwaka 2019, toleo la Afrika, wakaigonganisha uso kwa uso na Nissan Navara iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2015, toleo la Ulaya. Kampuni ni ileile na aina ya gari ni ileile. Matokeo yalionyesha kwamba dereva wa Hardbody mpya huenda angekufa, na dereva wa Navara kuukuu angetoka kwa miguu yake. Mwenye gari jipya kabisa ndiye aliyepoteza. Hakuna kosa la uendeshaji wala ubovu wa barabara uliohusika hapo. Tofauti yote ilitoka kwenye mchoro wa kiwanda na uamuzi wa kipi kiuzwe wapi.

Ukishaliona hilo, kuchagua gari kwa bajeti kunabadilika. Katika daraja la chini ndiko tofauti kati ya nchi na nchi ziliko kubwa zaidi, na ndiko mnunuzi anapaswa kuwa mkali kuliko kote. Suzuki S-Presso ni mfano mzuri. Mwaka 2020 toleo la India, lenye mfuko wa hewa wa dereva pekee, lilipata sifuri. Mwaka 2022 toleo lililotengenezwa India hukohuko kwa ajili ya Afrika Kusini, likiwa na mifuko miwili, lilipata nyota 3. Safari hii Afrika ndiyo iliyopewa kilicho bora, kwa hiyo hata dhana kwamba sisi hupewa mabaki daima si ya kutegemea. Inabidi kuuliza gari kwa gari.

Wala bei ndogo si kisingizio. Tata, kampuni iliyopata sifuri na Nano mwaka 2014, ilipata nyota 5 na Nexon Desemba 2018. Suzuki Maruti, iliyosumbuliwa na matokeo mabaya kwa miaka mingi, ilipata nyota 5 na Dzire mpya mwaka 2024, gari dogo la familia lenye mifuko sita ya hewa. Pale wanunuzi walipoanza kuulizia nyota, viwanda viliweza.

Katika daraja la kati, ambalo kwetu mara nyingi ni pikapu, uliza kizazi cha bodi kabla ya kuuliza nguvu ya injini. Pikapu nyingi huitwa mpya kwa sababu ya grili na taa, huku chini yake mna mchoro wa zamani. Daraja la juu halinisumbui sana: magari yake kwa kawaida huja na vifaa kamili popote yaendapo.

Gari lililotumika nalo linastahili kuingia kwenye hesabu, maana kwa wengi wetu bajeti ya gari dogo jipya inatosha gari zuri la miaka saba kutoka Japani. Ulaya imelazimisha mfumo wa kudhibiti utelezi, ule unaoandikwa ESC au VSC, kwenye kila gari jipya la abiria tangu Novemba 2014, na magari ya Japani ya miaka hiyo kwa kawaida huja nao. Mfumo huo hulinganisha usukani unakoelekezwa na gari linakokwenda kweli. Vikipishana, hufunga breki ya gurudumu moja moja hadi gari lirudi njiani. Kwa barabara ya vumbi au lami yenye mvua, nauona una thamani kuliko skrini kubwa ya dashibodi. Kwa maoni yangu, gari la mkononi lenye mfumo huo na bodi imara linalishinda gari jipya lisilo navyo.

Lakini gari la mkononi lina sharti lake. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyosababisha mamilioni ya magari kuitwa tena viwandani, ilitumia nitrati ya amonia, ambayo huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu hadi kifaa cha kujaza hewa kinapasuka na kurusha vipande vya chuma. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, hali ya hewa yenyewe ni sehemu ya tatizo. Namba ya chasisi ikaguliwe kwenye orodha ya mtengenezaji kabla pesa hazijatoka.

Nyota nazo zina tarehe na nchi yake. Mwaka 2018 Suzuki Swift ya India ilipata nyota 2. Desemba 2022 ikapata 1, baada ya masharti ya Global NCAP kukazwa Julai mwaka huo, pigo la ubavuni na udhibiti wa utelezi vikiingia kwenye hesabu. Dacia Sandero ilipata nyota 2 Ulaya mwaka 2021, moja pungufu ya Sandero ya Afrika ya 2017, ilhali ile ya Ulaya ina mifuko sita. Ile ya Ulaya ilipunguziwa nyota kwa kukosa teknolojia za kuzuia ajali ambazo kipimo cha Afrika hakikuziulizia kabisa.

Kwa hiyo unapokaa mbele ya wakala, omba mambo manne yaandikwe kwenye ankara kifani: nchi gari lilikotengenezwa na soko lililokusudiwa, idadi ya mifuko ya hewa, kama lina ESC, na mwaka ambao toleo hilo hasa lilipimwa. Brosha huandikwa kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja. Ankara ina jina lako, na kama gari litakalofika bandarini halilingani nayo, unayo karatasi ya kudai.