Pawasaplai ya Kompyuta Mezani pa Fundi: Tatizo ni Ampea, si Volti

Kompyuta ya mezani ikitupwa, mara nyingi pawasaplai yake bado ni nzima, nayo ina volti 12, 5 na 3.3 zilizokwisha kudhibitiwa. Kuiwasha ni rahisi mno. Katika mfumo wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, waya wa kijani ukigusishwa na mweusi wowote, feni inazunguka. Njano ni volti 12, nyekundu 5, ya chungwa 3.3, zambarau ni volti 5 zilizo hai muda wote pawasaplai ikiwa kwenye soketi. Kwa kuwa kila kitu kimeshaandaliwa hivyo, maelekezo mengi ya kuigeuza iwe ya karakana hujishughulisha na kutoboa matundu, kufunga vituo vya rangi na kitaa cha kupendezesha. Lakini volti zilikuwepo tangu mwanzo. Kinachokosekana ni breki ya ampea, na asiyeiweka breki hiyo hajageuza chochote.

Tazama lebo: upande wa volti 5 huandikwa ampea 20 au zaidi. Fundi anayejaribu redio anahitaji pengine nusu ampea. Saketi yake ikipiga shoti isiyo kamili na kuvuta ampea 15, hizo ni wati 75, zinazotosha kuunguza njia nyembamba za shaba kwenye bodi. Atasema mtu kwamba pawasaplai ina kinga yake ya ndani. Inayo, ila iliwekwa ijilinde yenyewe. Kwake ampea 15 ni kazi ya kawaida, haioni sababu ya kuzima. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 kwenye kila tundu ndiyo kiwango cha chini kabisa. Hata hiyo huchelewa: transista hufa kabla ya fyuzi kukatika. Bora zaidi ni kutoa volti 12 na kuzipitisha kwenye bodi ndogo ya kushusha volti yenye skrubu mbili, moja ya volti na nyingine ya kikomo cha ampea.

Lipo pia suala la mzigo. Pawasaplai nyingi za zamani, zile zenye chipu kama TL494, hudhibiti volti 5 na 12 kwa pamoja. Ukivuta kwenye 12 peke yake huku 5 haina kazi, volti 12 hushuka, au pawasaplai hujizima. Rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi, hula nusu ampea na kutoa joto la wati 2.5, ifungwe penye upepo wa feni. Miundo mingi mipya haiihitaji. Mita ndiyo iamue: volti 12 zikibaki kati ya 11.4 na 12.6 saketi ikiwa kazini, inatosha. Ile hila ya kupata volti 7 kati ya njano na nyekundu iachwe, kwa sababu mkondo hurudi ndani ya upande wa volti 5, ambao umeundwa kutoa, si kupokea.

Wapo wanaoona transfoma ya kawaida ni bora, na kwa redio ya AM wana haki: ATX inaruhusu mtikisiko wa hadi milivolti 120 kwenye volti 12, na kelele za kuwasha na kuzima kwake husikika. Kwa kuchaji, kujaribu mota, taa za LED na bodi za kidijitali, hoja hiyo haina uzito. Pingamizi zito ni ethi. Nyaya nyeusi zimeshikana na kasha, na kasha na ethi ya nyumba. Kwenye soketi isiyo na ethi, kapasita za kichujio hulipa kasha karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini humtekenya mtu na huweza kuua chipu nyepesi.

Kazi hii yote hufanyika nje ya kasha, kwenye nyaya zinazotoka. Ndani kuna kapasita zinazoshika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usilifungue.